"Sikunywa kitu, ni dunia njo inatembea"

Tunaandika kutoka Likasi. Mara hii hatuwaletei habari za semina wala za jengo jipya. Tunataka kueleza ugonjwa mmoja ambao wengi wetu tumeuona bila kujua kwamba ni ugonjwa, na ambao ulitufanya sisi wenyewe tumkosee ndugu yetu.

Katika kanisa moja la hapa mjini, upande wa Kikula, kuna mzee wa kanisa ambaye hatutamtaja jina. Alichimba shaba miaka mingi, akaugua kifua kikuu, akapona, kisha ugonjwa ukamrudia. Hiyo mara ya pili, mwaka 2014, alipewa vidonge pamoja na sindano ya kila siku kwa miezi miwili. Akapona kweli. Kikohozi kikaisha, mwili ukarudi. Lakini tangu hapo akaanza kuyumba. Mchana alitembea karibu sawa na watu wengine. Usiku, akitoka kwenye maombi na umeme umekatika (nanyi mnajua jinsi umeme unavyokatika kwetu), alipepesuka kama mtu anayetoka kwenye nganda. Akaacha kusoma somo mbele ya kanisa. Akawa anapishana na watu njiani bila kuwasalimu. Minong'ono ikaanza: mzee amerudia lutuku, tena amekuwa na kiburi.

Baraza likamwita. Alijibu kwa upole: "Baba pasta, sikunywa kitu. Ni dunia njo inatembea." Wengine wetu tulicheka moyoni, maana kila mlevi husema hivyo. Tukamsimamisha kushiriki Meza ya Bwana kwa miezi mitano.

Aliyetufungua macho ni binti mmoja wa kwaya aliyekuwa anasomea uuguzi Lubumbashi. Aliporudi likizo akauliza swali ambalo hakuna mmoja wetu aliyeliuliza: "Mzee alichomwa sindano gani?"

Tulipofika nyumbani tulikumbuka habari ya Hana katika Samweli wa Kwanza, jinsi kuhani Eli alivyomwona midomo inacheza bila sauti akadhani amelewa. Eli alikuwa mtumishi wa miaka mingi, na bado alikosea kwa sababu alitazama tu. Lakini Eli aliposikia maelezo alibadilika palepale. Sisi ilituchukua miezi mitano.

Sasa tueleze. Chukua Biblia yako, uishike mbele ya uso kwa mkono ulionyooka. Tikisa kichwa kushoto na kulia upesi, kama mtu anayekataa jambo, huku ukisoma. Utaona maneno yanakaa mahali pake. Sasa fanya kinyume: kichwa kitulie, ila Biblia uitikise kwa mwendo uleule. Herufi zinavurugika, husomi kitu. Mwendo ni mmoja. Kwa nini kichwa kikitikisika unasoma, na kitabu kikitikisika husomi?

Jibu liko sikioni. Ndani kabisa ya kila sikio, katika mfupa mgumu wa kichwa, kuna mifereji mitatu midogo iliyopinda na kujaa maji, nayo imekaa kama kuta mbili na sakafu zinavyokutana kwenye kona ya nyumba. Kichwa kikigeuka, yale maji yanachelewa kidogo, kama maji ya beseni unapoligeuza ghafla. Kuchelewa huko kunainamisha vinyweleo vidogo sana visivyoonekana kwa macho, navyo vinapeleka habari kwenye ubongo, na ubongo unaamuru macho yageuke upande wa pili kwa kipimo kilekile. Kazi yote hiyo huchukua kama sehemu moja ya mia ya sekunde. Macho peke yake, yakijaribu kufuata kitu kinachokimbia, hutumia karibu mara kumi ya muda huo. Ndiyo maana Biblia ikitikiswa macho hayawezi kuifuata, lakini kichwa kikitikisika sikio limekwisha kuyaongoza.

Kwamba sikio linaamuru macho si maneno ya kubuni. Daktari Robert Bárány wa Vienna, mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwa akisafisha masikio ya wagonjwa kwa maji. Aliona kwamba maji yakiwa baridi mgonjwa hupata kizunguzungu na macho yake hucheza upande mmoja. Yakiwa moto kupita mwili, macho hucheza upande mwingine. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel ya mwaka 1914, na habari ilimkuta akiwa mfungwa wa vita nchini Urusi.

Basi fikiri mtu ambaye vile vinyweleo vimekufa katika masikio yote mawili. Akikaa kimya anaona vizuri, na anasoma vizuri. Akisimama akatembea, kila hatua inatikisa kichwa na hakuna wa kuyaongoza macho. Miti inaruka, kuta zinaruka, nyuso za watu zinakuwa kama picha iliyopigwa na mtu anayekimbia. Mzee wetu hakukataa kutusalimu. Hakutuona. Alijua kuna mtu mbele yake, lakini hakujua ni nani mpaka asimame.

Na usiku? Mwili hupata habari ya kusimama kwake kutoka kwa mashahidi watatu: macho, masikio, na miguu inayogusa ardhi. Mmoja akinyamaza, wawili waliobaki wanatosha kwa shida. Masikio yakiwa yamekufa na giza likaingia, anabaki shahidi mmoja tu, tena yule anayekanyaga barabara ya mashimo. Hapo mtu lazima apepesuke. Kwa hiyo lile tulilolishika kama ushahidi dhidi yake, kwamba mchana yuko sawa na usiku anayumba, lilikuwa hasa ndiyo dalili ya ugonjwa wake.

Mwaka 1952 daktari mmoja aliandika habari zake mwenyewe katika jarida la madaktari la New England, kule Marekani, akitia sahihi ya herufi mbili tu, J.C. Alikuwa ametibiwa kifua kikuu cha goti kwa streptomisini, dawa iliyogunduliwa mwaka 1943 na iliyokuwa ya kwanza kuushinda ugonjwa huo. Goti lilipona, masikio ya usawa yakafa. Anaeleza kwamba mwanzoni hata pigo la moyo wake lilitosha kurusha herufi za kitabu, ikambidi akaze kichwa kwenye vyuma vya kitanda ndipo asome. Njiani ilimbidi asimame kabisa ili asome kibao. Mwaka huohuo wa 1952 Selman Waksman alipewa tuzo ya Nobel kwa ajili ya dawa hiyohiyo. Mambo yote mawili ni kweli kwa pamoja: dawa iliokoa watu wengi mno, na wengine iliwaachia dunia inayoruka.

Vile vinyweleo vikifa kwa mwanadamu havioti tena. Streptomisini na jentamisini huua zaidi upande wa usawa. Kanamisini na amikasini huua zaidi upande wa kusikia. Zote nne ni dawa za sindano, za jamii moja, na zote zimetumika kwetu.

Tuseme wazi kuhusu kifua kikuu, maana mji huu unakijua. Vumbi la mawe linaharibu mapafu, na mapafu ya mchimbaji hushikwa upesi, iwe Kambove, Fungurume au Kolwezi. Kwa miaka mingi aliyerudiwa na ugonjwa alipewa matibabu ya miezi minane, na katika miezi miwili ya kwanza alichomwa streptomisini kila siku. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliacha kupendekeza njia hiyo. Wale wenye kifua kikuu sugu, kisichosikia dawa za kawaida, walichomwa kanamisini kwa miezi mingi. Kongo yetu ilikuwa miongoni mwa nchi tisa za Afrika zilizojaribu kufupisha matibabu hayo hadi miezi tisa, na hata hapo sindano ilikuwa ya miezi minne isiyopungua. Tangu mwaka 2018 Shirika hilo limesema kanamisini isitumike tena kwa kifua kikuu sugu, na matibabu ya vidonge tupu yamechukua nafasi yake. Hiyo ni habari njema kwa wagonjwa wa leo. Lakini waliochomwa zamani bado wako kati yetu, na viti vyao kanisani tunavijua.

Kwa hiyo tunaomba sana: asiwepo mtu atakayesoma makala hii akaacha dawa zake za kifua kikuu. Kifua kikuu kinaua, nawe ukiacha katikati unakifanya kiwe sugu. Matibabu ya kawaida ya leo hayana sindano hizo. Yana kidonge kiitwacho etambutoli, ambacho mara chache hudhuru mshipa wa jicho, lakini dalili yake ni nyingine: kuona kunafifia na rangi nyekundu na ya kijani zinachanganyika. Ukiona hivyo, nenda siku hiyohiyo kwa wanaokupa dawa uwaambie. Usijiamulie nyumbani.

Hatari iliyobaki karibu nasi zaidi ni jentamisini. Hospitalini inaokoa watoto wachanga na watu wenye maambukizo makali, nasi hatuisemi vibaya. Tunayemsema ni mtu anayeinunua dukani na kuchomwa na jirani, siku kumi, siku kumi na tano, kwa sababu ya homa au maumivu ya mgongo ambayo hakuna aliyeyapima. Dawa hii hutoka mwilini kwa njia ya figo. Figo zikiwa dhaifu inabaki na kuharibu masikio. Mzee ana hatari zaidi, anayekunywa dawa ya kukojoza ana hatari zaidi, na anayefanya kazi kwenye makelele ya mashine pia. Mtu anayechomwa sindano za namna hii akisikia masikio yanalia, au akihisi kuyumba, au herufi zikaanza kuruka anapotembea, amwambie muuguzi kabla ya sindano inayofuata. Siku hiyo moja inaweza kuokoa kilichobaki.

Wengi mtauliza habari ya kinini. Ni kweli, serumu ya kinini hulia masikioni na kuleta kizunguzungu, lakini kwa kawaida hupita dawa ikiisha mwilini.

Si kila kizunguzungu ni hiki cha mzee wetu. Kuna kile kinachomshika mtu akijigeuza kitandani au akiinua kichwa kutazama juu: nyumba inazunguka kwa nguvu, kisha kabla ya dakika moja inatulia. Mara nyingi ni chembe ndogo za chokaa. Ndiyo, chokaa, ambayo Mungu ameiweka sikioni ili tujue juu na chini; zikitoka mahali pake zikaingia kwenye mifereji, zinaidanganya. Tiba yake haihitaji dawa hata moja. Munganga aliyefundishwa anamlaza mgonjwa na kukigeuza kichwa chake kwa hatua, zile chembe zinarudi. Daktari John Epley wa Oregon alianza kuionyesha njia hiyo mwaka 1980, na kinachohitajika ni kitanda na mikono yenye ujuzi. Ndugu wengi wamemeza vidonge vya kizunguzungu miaka mizima kwa kitu cha dakika kumi.

Lakini kizunguzungu kinachokuja ghafla pamoja na kuona vitu viwili viwili, mdomo kupinda, ulimi kuwa mzito, mkono au mguu kulegea, au kichwa kuuma kuliko siku zote, hicho si cha kungoja maombi ya Ijumaa. Ubongo unaweza kuwa umekosa damu. Homa pamoja na shingo ngumu, vilevile. Tafuta pikipiki, tafuta gari, twende hospitali. Maombi tutaomba njiani.

Na yule anayekunywa kweli? Pombe nayo huchezesha macho na kuyumbisha miguu, ndiyo sababu tunachanganya. Ila mtu aliyekunywa lutuku miaka mingi bila kula vizuri anaweza kuishiwa vitamini B1, na hapo macho yanacheza au yanakataa kugeuka, miguu inashindwa, akili inapotea, hata siku ambayo hajagusa chupa. Huyo anahitaji kuchomwa B1 haraka, kabla ya kuwekewa serumu ya sukari. Mkimwacha alale mkingoja pombe imtoke, anaweza asiamke na akili yake. Kwa hiyo hata pale tunapodhani tumehukumu sawa, bado kuna kazi ya munganga.

Kuna pia watoto wetu wenye ualbino. Wengi wao macho yanacheza tangu miezi ya kwanza ya maisha. Hao kwa kawaida hawaoni dunia ikitembea, kwa sababu ubongo wao ulikua pamoja na mwendo huo na kuuzoea. Shida yao ni kuona mbali na kuumizwa na mwanga. Mtoto wa namna hiyo akiinamisha kichwa upande mmoja anaposoma, mwalimu wa shule ya Jumapili asimnyooshe. Amepata pembe ambayo macho yake yanatulia. Mweke mbele, mpe kofia, mpe maandishi makubwa. Na anayesema kwamba macho hayo yana pepo, aonywe na mchungaji wake mapema.

Hapo tumegusa jambo ambalo makanisa yetu hayapendi kulizungumza. Kumwombea mgonjwa ni jema nasi tunafanya hivyo. Lakini kumshika kichwa mtu aliyepoteza usawa, kumtikisa, kumzungusha na kumsukuma ili aanguke, kisha kusema pepo amemwangusha, ni kumjeruhi. Mtu huyo ataanguka kila mara, hata akisukumwa na mtoto.

Daktari anaweza kuutambua ugonjwa huu bila mashine. Anamwambia mgonjwa atazame pua yake, kisha anageuza kichwa cha mgonjwa upesi kidogo. Kwa mtu mzima wa afya macho yanabaki puani. Kwa mgonjwa yanachukuliwa pamoja na kichwa, halafu yanaruka kurudi. Mzee wetu alifanyiwa hivyo Lubumbashi, pande zote mbili, na ilichukua muda mfupi kuliko kikao kimoja cha baraza letu.

Hakuna dawa ya kurudisha kilichokufa, na vidonge vya kizunguzungu havimsaidii mtu wa namna hii. Vinaweza hata kuuchelewesha ubongo kujifunza. Kinachosaidia ni mazoezi. Alifundishwa kubandika herufi moja ukutani, kukaa mbele yake na kugeuza kichwa kushoto na kulia macho yakiwa juu ya ile herufi, dakika moja au mbili, mara kadhaa kila siku, kwanza polepole kisha kwa kasi. Baadaye akasimama, baadaye akatembea. Miezi ikapita kabla hatujaona tofauti, lakini ilikuja. Ngazi na mashimo ya wachimbaji ameviacha, pikipiki pia. Usiku anatembea na tochi, fimbo, na viatu vya soli nyembamba ili miguu isikie ardhi.

Maji ndiyo tunayoyataja kwa uzito, kwa ajili ya ninyi mnaobatiza mtoni au ziwani, na ninyi wavuvi wa Tanganyika. Mtu asiye na usawa wa masikio akizama chini ya maji, macho hayaoni, miguu haigusi kitu, naye hajui juu ni wapi. Anaweza kuogelea kuelekea chini akidhani anapanda. Hata aliyekuwa mwogeleaji hodari anaweza kufa hivyo. Kabla ya ubatizo, mwulize kila mmoja kama huyumba gizani au aliwahi kuchomwa sindano za kifua kikuu. Akisema ndiyo, wawe watu wawili wa kumshika, maji yasipite kiuno, wasimwachie mpaka asimame na kufungua macho.

Na wakati wa maombi, tunaposema "tusimame na kufumba macho", tumezoea sasa kuongeza: anayependa akae, au ashike benchi. Mwanzoni tulidhani ni mzee mmoja tu atakayekaa. Siku ya kwanza walikaa saba. Wawili kati yao tuliwauliza baada ya ibada, na wote wawili walikuwa wamechomwa sindano miaka ya nyuma; mmoja wao hakuwahi kumwambia hata mke wake, kwa kuogopa kuitwa mlevi.

Mzee wetu alirudishwa Mezani mbele ya kanisa lote, nasi wa baraza tulisimama tukamwomba radhi kwa midomo yetu. Alisamehe upesi kuliko tulivyostahili. Sasa anasoma somo tena, akiwa amekaa kwenye kiti karibu na mimbari, kitabu kikiwa juu ya meza. Ukikutana naye njiani, tangulia kumwita kwa jina. Atasimama, atakutazama kidogo, kisha atakuuliza habari za watoto.